Gunia langu la sweta zisizoisha, na soksi ya mguu wa mzee wangu

Wakuu, nawasalimu. Wa rika langu, mmeamkaje. Nyie wadogo, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika.

Ninayosimulia yametokea nyumbani kwangu Kimuli, huku Kyerwa, na sikuongeza kitu. Asiyeamini apite zake, sitamshika shati.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa ndizi. Nimezaliwa Kiruruma, nikaolewa Kimuli. Shule niliishia darasa la tatu, na kuandika kwa simu nimejifunza uzeeni, kwa hiyo ukikuta herufi imetoroka irudishe mwenyewe kimya kimya uendelee kusoma.

Lakini nyumba ninayolala, kuanzia msingi hadi bati, imetoka kwenye mikungu niliyokuwa napeleka mpakani Murongo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili mjue kwamba sikuzoea kushindwa na kazi ya mikono.

Kazi moja tu ilikuwa inanishinda, nayo ni kufuma.

Msinielewe vibaya, kufuma napenda kuliko kula. Nilifundishwa na kina mama wa kanisani nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Walinifundisha kuanza, kwenda, kurudi na kufunga. Basi. Ukijua hivyo unafuma skafu mpaka dunia iishe.

Tangu hapo sindano zangu mbili hazikutoka kwenye kikapu. Nikisubiri lori la ndizi, nafuma. Nikikaa na wenzangu, wao wanasengenya, mimi nafuma na kusengenya.

Ila skafu zilinichosha, nikataka makubwa. Hapo ndipo lilipozaliwa gunia.

Ni gunia la kahawa, lile la katani, liko chini ya kitanda. Ndani yake kuna sweta ya mwanangu wa mwisho. Niliianza akiwa ananyonya, nikafika shingoni nikakwama. Sasa ana ndevu.

Kuna soksi ilifika kisigino ikakataa kukata kona. Kuna glovu, ina kiganja kizuri kabisa, haina kidole gumba. Kuna shali la nyoka wawili wanaopishana, ule ufumaji unaonekana kama umesukwa. Walipishana vizuri hadi katikati, halafu nyoka mmoja akapotea na mpaka leo sijui alikoenda.

Mzee wangu anaitwa Ta Deo. Huku kwetu Ta ni heshima ya baba na Ma ni ya mama, mimi ni Ma Adela. Basi Ta Deo alikuwa akiniona nachomoa uzi mpya ananiambia:

"Ma Adela, hilo gunia siku ya kiyama litafufuka bila mikono."

Namjibu, "Litakuja kukuuliza wewe ulifuma nini."

Wengine mtadhani nilikuwa mvivu. Hapana. Nilikuwa naacha kwa sababu ya mkeka.

Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka ya ukindu, na mimi nimesuka tangu sina meno ya mbele. Ukindu ni jani. Ukishaukunja umekunjika. Ukifumua ulichosuka, jani linakatikia pale pale kwenye mkunjo. Kwa hiyo msusi wa kwetu hafumui. Akikosea anamalizia hivyo hivyo, ule mkeka unakuwa wa kuanikia kahawa, na yeye anaanza mwingine wa kukalia wageni.

Na mkeka mzuri ni uliokazwa. Mama alikuwa anamwaga ulezi juu yake, anaunyanyua, anaangalia chini. Punje ikipita, umechapwa.

Mikono yangu ikakua na sheria hizo mbili: kaza, na usifumue. Nikaziingiza kwenye uzi wa sufu bila kujiuliza. Nikikosea kwenye sweta, naitupa gunini naanza nyingine. Mtu angeniambia nifumue, ningemwona hajalelewa.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Ta Deo alikuwa mtu wa kibanja. Wasio wa huku, kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Kabla ya chai lazima alizunguke lote, anapapasa migomba, anaisemesha. Huu anausifu, ule anaugombeza. Mimi mke wake alikuwa hanisifu hivyo, lakini nilizoea.

Halafu lori la ndizi likaserereka kwenye mteremko, yeye akiwa amepanda juu ya mzigo. Mguu ukalaliwa. Ukakatwa chini ya goti. Sitasimulia zaidi ya hapo.

Alirudi nyumbani na magongo, akaketi kwenye kiti cha sebuleni, akajifunika blanketi magotini. Blanketi lile halikutoka. Kigutu chake alikuwa anakiosha mwenyewe mlango umefungwa. Mimi mke wake, niliyemzalia watoto, sikuwahi kukiona. Nikikaribia anasema, "Niletee maji kwanza." Nikileta maji anasema asante, niache.

Baadaye akatengenezewa mguu wa bandia. Mtaalamu aliyeutengeneza alimwambia mbele yangu:

"Mzee, huu ni wa kutembelea, si wa kuegesha ukutani. Usipouvaa, kigutu kitabadilika umbo, na siku ukiutaka hautakuingia."

Ndani ya mguu ule unavaa kwanza soksi nene, laini, isiyo na mshono hata mmoja. Zile alizopewa hazikukaa sana. Moja ilipasuka. Nyingine tuliifua kwa maji ya moto ikasinyaa ikawa ya mdoli. Tukaambiwa nyingine zikipatikana tutapigiwa simu. Mpaka leo simu yangu iko hewani.

Tukajaribu soksi ya dukani. Soksi ya dukani ina mshono kwenye vidole, na yeye vidole hana, kwa hiyo mshono ukakaa kwenye ncha ya kigutu. Kidonda. Nesi wa zahanati akasema asivae tena mguu mpaka kipone na mpaka tupate soksi ya maana.

Kidonda kikapona. Mguu ukabaki nyuma ya mlango, na kiatu chake, umeegemea ukuta. Nilikuwa nikifunga mlango kile kiatu kinaniangalia.

Nikamwambia, "Ta Deo, mguu utakukataa."

Akasema, "Unikatae. Nimetembea vya kutosha."

Wakuu, mtu aliyekuwa anaamkia migomba anasema ametembea vya kutosha. Niliogopa kuliko siku ya ajali. Siku ya ajali alikuwa anapiga kelele.

Nikasema, soksi isiyo na mshono nitafuma mimi.

Akaangalia upande wa chumbani, liliko gunia. Ni heri angenitania.

Tatizo nilikuwa najua kufuma kitambaa bapa tu, kwenda na kurudi. Kitambaa bapa ukitaka kiwe soksi lazima ukishone, na ukishona umerudi kwenye mshono. Nilitakiwa kufuma kwa mzunguko, kitu kama bomba, ambacho sikuwahi.

Nikanunua bando nikatafuta video. Nikampata mama mmoja mzungu anaongea lugha sijui ya wapi, lakini mikono yake inaongea Kiswahili. Ana sindano fupi zenye ncha pande zote, ananing'iniza vitanzi kwenye sindano hizo, anazunguka nazo. Sindano hizo sikuwa nazo. Nikachonga za mianzi kwa kisu, nikazilainisha kwa kipande cha chupa.

Nikaenda Murongo kwa Ma Yustina kuchukua uzi. Huyu anauza nyuzi pale mpakani na anafuma vizuri kuliko anavyoongea, na kuongea anaongea. Nikachukua uzi wake mmoja wa kahawia usiowasha ngozi, nikarudi, nikafuma kama nilivyoona kwenye video, kuanzia juu kushuka. Nikazunguka, nikazunguka, nikafika kwenye ncha, nikaifunga nijuavyo.

Nikampa Ta Deo. Akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Akatoka nayo mkononi.

"Haiingii."

"Ulivuta?"

"Nimevuta mpaka nimechoka. Hii ni ndoo, Ma Adela."

Akarudi kwenye kiti na blanketi lake.

Siku ya soko nikambebea Ma Yustina ile soksi, nia yangu nimlaumu kwa uzi wake. Aliishika, akaigonga mezani. Ikasimama yenyewe.

"Hii ni soksi au kikombe?"

"Imekazwa vizuri," nikasema.

"Nimeona imekazwa. Mguu utapitia wapi, waitu, mwenzangu?"

Watu wakaanza kusogea. Mpakani watu hawana haraka wakisikia sauti ya mwanamke inapanda.

"Basi nipe uzi mwingine nianze upya."

"Wa rangi hii umeisha. Na usiowasha ulikuwa huo huo. Fumua."

"Nifumue nini?"

"Hicho kikombe chako."

Nikamwambia kazi ya mikono haifumuliwi, kwetu hatufanyi hivyo, mama yangu angenichapa.

"Mama yako alisuka ukindu," akasema. "Ukindu ukikunjwa haukunjuki. Huu ni manyoya ya kondoo. Ukiulowesha maji unasahau kila ulichoufanyia. Tena unasahau haraka kuliko wewe."

Kabla sijamjibu akang'oa ncha ya uzi akavuta.

Trrrrr.

Mawe, mama yangu! Nilihisi kama amenivua kitenge mbele ya soko. Mstari mmoja mmoja unayeyuka, na uzi unaanguka mezani umejikunja kama tambi. Bodaboda mmoja pale akasema, "Pole bibi, amekuchania?" Nikamwambia aangalie pikipiki yake.

Ma Yustina hakuacha mpaka kikombe kikaisha. Akauzungushia uzi mgongo wa kiti, akaufunga, akaulowesha, akaning'iniza na jiwe dogo kwa chini. Tukanywa chai. Ulipokaribia kukauka akanionyesha. Ulikuwa umenyooka. Nikaushika nikiutafutia mahali ulipovunjika, sikupaona.

Niliwaza gunia lote. Sweta ya shingo, glovu ya kidole gumba, nyoka aliyepotea. Vyote vile viliishia mahali ambapo ningeweza kurudi mistari michache nyuma nikajaribu tena. Sikurudi kwa sababu mikono yangu ilikuwa inaogopa jani kukatika, na hapakuwa na jani.

"Tatizo lako la pili ni hiyo ngumi," Ma Yustina akasema. "Uzi unaushika kama unamkamata mwizi. Ushike kama kifaranga."

Akanifundisha kulegeza. Akanifundisha kupunguza vitanzi kidogo kidogo ili ncha izibe yenyewe kwa mviringo bila kushonwa. Hapo ndipo kichwa changu kikaamka, kwa sababu ule mviringo niliujua. Ni kitovu cha kikapu. Sisi kikapu tunaanzia kwenye kitovu, duara dogo, halafu tunaongeza tukipanda. Huyu ananifundisha kuishia pale ambapo mimi naanzia.

Nikamuuliza, "Siwezi kuanzia kwenye ncha nikapanda?"

"Unaweza. Wapo wanaofanya. Faida yake unampimia mtu ukiwa unafuma. Ikibana unajua hapo hapo."

Nikabeba uzi wangu. Na njiani, wakuu, ndipo nikagundua nimejitia kwenye nini. Kumpimia. Nimpimie vipi mtu ambaye hataki nimwone?

Nilianza na kitovu. Duara dogo laini, nikaongeza vitanzi mpaka likawa kama kofia ya kitoto. Nikaenda nikaketi mbele ya Ta Deo, kwenye kigoda, chini ya magoti yake.

"Nataka kupima."

"Niachie, nitapima mwenyewe."

"Wewe utajuaje inapobana, inabana kwa kitanzi gani? Wewe ni fundi?"

"Ma Adela, niletee maji kwanza."

"Maji umekunywa sasa hivi. Nikiongeza utalala chooni."

Akacheka kidogo, kwa pua. Nami nikasubiri, sindano mkononi. Mimi ni mtu wa maneno mengi lakini siku ile nilijua neno likitoka tu limeharibu.

Akasema, "Kinatisha."

Nikasema, "Nimechinja mbuzi wangapi mimi?"

Akatoa blanketi mwenyewe.

Wakuu, kilikuwa kigutu tu. Ngozi imefungwa vizuri, ina kovu kama mdomo uliofumbwa. Nilikuwa nimejitengenezea kichwani kitu kibaya zaidi miezi yote ile kwa sababu ya lile blanketi, na nadhani na yeye alikuwa amejitengenezea sura yangu nitakapokiona. Nikakivalisha ile kofia. Upande wa nje ikabana.

"Hapa?"

"Hapo. Na hapo chini kidogo."

"Sawa." Nikachomoa sindano.

"Unafanya nini?"

"Nafumua."

Alinishangaa sana. Mtu aliyekaa na gunia langu chini ya kitanda chake maisha yote hajawahi kuniona nafumua. Nikavuta, trrr, uzi ukaanza kumwagika sakafuni. Akainama akauokota, akaanza kuuviringa kuwa mpira, maana Ta Deo hapendi kitu kitambae sakafuni ovyo.

Basi ikawa hivyo. Nafuma, nampimia, inabana au inapwaya, nafumua, yeye anaviringa. Alianza kunisaidia na maoni ambayo sikumwomba. "Pale ongeza. Pale umekaza tena, nimekuona, ulikuwa umeuma meno." Nikimwambia shika sindano wewe, anasema yeye ni mwenye mguu.

Mwanamke mwingine angesema soksi ile ilichelewa. Mimi nilikuwa naona nyumba imerudi kusema.

Soksi ilipofika chini ya goti nikafunga kwa mkono uliolegea. Akaivaa. Akapitisha vidole juu yake kotekote, polepole, anatafuta mshono.

"Haupo," akasema.

"Nilikuambia."

"Hukuniambia. Ulifuma ndoo."

Nikaenda nyuma ya mlango nikaleta mguu.

Alianza ndani kwanza, kwa muda mfupi, kama nesi alivyoagiza, tukivua tunaangalia ngozi. Tulipomrudia yule mtaalamu aliigeuza soksi nje ndani, akaipapasa, akasema aendelee nayo, na nifume nyingine za kubadilisha. Mguu ulikuwa bado unamkubali. Alisema tungechelewa zaidi, angelazimika kupimwa upya.

Asubuhi ya kwanza alipotoka nje sikumsindikiza. Nilibaki mlangoni najifanya napembua maharage. Alishuka ngazi na gongo moja, akasimama, akaingia kwenye migomba. Majani yakamfunika. Nikawa nasikia gongo tu, tok, tok, na sauti yake anausemesha mgomba mmoja, halafu mwingine.

Halafu gongo likanyamaza. Nikaacha maharage.

"Ma Adela!"

Niliruka, wakuu. Nilimkuta amesimama wima, hajaanguka, uso umekunjamana kwa hasira, ananyoosha gongo kwenye shina la mgomba.

"Nani ameacha machipukizi yamejaa hivi? Huu ni msitu? Kuna watu kwenye nyumba hii au hakuna?"

Nikamtukana kwa furaha. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, kuna watoto wanasoma. Alinigombeza kibanja kizima, shina kwa shina, na mimi namfuata nyuma nimeshika panga nakata anachoelekeza. Sikumbuki kama kugombezwa kuliwahi kunipendeza vile.

Sasa niseme nilichojifunza, kifupi, mimi si mhubiri.

Mikono inarithi sheria na haikuulizi. Za mama yangu zilikuwa za kweli kwenye ukindu, na bado nasuka mkeka kwa sheria hizo hizo. Kosa lilikuwa kudhani kila kinachosukika ni ukindu. Nimejenga nyumba kwa kukaza na kutorudi nyuma, kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia kukaza ni kubaya. Ila kuna vitu ukivikaza haviingiliki. Na mtu mzima akifumua kazi yake mbele ya mwenzake hapungui chochote. Mimi nilipofumua mbele ya mume wangu ndipo aliponiokotea uzi.

Gunia nimelipunguza. Ile soksi iliyokwama nimejifunza kukata kisigino, ni mstari mfupi unaorudi kabla ya kufika mwisho, rahisi tu ukionyeshwa. Nyoka nimemtafuta nikampata, nilikuwa nimempitisha nyuma badala ya mbele. Kidole gumba bado kinanisumbua. Ile sweta ya kitoto sitaifumua wala kuimalizia. Itakaa bila shingo, niliifuma na mtoto akiwa mapajani na mistari mingine imepinda kwa sababu alikuwa anavuta uzi. Hiyo niachieni.

Mimi nimemaliza. Wenye kazi mliyoiacha katikati, iwe sweta, nyumba, hata lugha mliyokuwa mnajifunza, andikeni hapo chini mliishia wapi na mlikwamia nini hasa. Na kama kuna fundi humu anayejua kuotesha kidole gumba kwenye glovu bila kuacha tundu pembeni, aje aseme wazi, hatua kwa hatua. Ta Deo amekaa hapa na mpira wa uzi, anasema nisiwachelewesheni.